Antena ya Mwilini Si Antena ya Angani

Msomaji asikiapo neno antena, mara humjia akilini chuma kilichosimama juu ya paa la nyumba, au kile kijiti cha kuvutwa cha redio ya mkono. Kazi ya vyombo hivyo ni kupeleka na kupokea mawimbi yanayosafiri hewani, na hewa ni njia nyepesi: haiyazuii mawimbi wala haiyapunguzi mwendo kwa kiasi cha kusumbua. Lakini kwa zaidi ya miaka arobaini sasa wako wanasayansi ambao antena zao hazielekezwi angani, bali huelekezwa kwenye mwili wa binadamu: titi la mama, fuvu la kichwa, msuli wa mguu. Nia yao ni kupata picha ya mambo yaliyomo ndani pasipo kisu na pasipo eksirei.

Katika makala haya nataka kutetea jambo moja. Chombo cha namna hiyo hakihukumiwi kwa ukubwa wa kompyuta yake, wala kwa rangi za picha zake. Huhukumiwa kwanza kwa antena yake. Na antena nayo huhukumiwa mahali inapofanyia kazi, yaani juu ya ngozi ya mgonjwa aliyekusudiwa. Ikiwa mgonjwa huyo ni wetu, basi hatuwezi kuwaachia wengine peke yao kazi ya kupima na kubuni. Tena, fizikia ya kuanzia kazi hiyo imo katika masomo ya shule zetu za sekondari.

Mawimbi na maji ya mwilini

Mawimbi tunayoyazungumza, yaitwayo mawimbi ya maikrowevu, ni ndugu wa mwanga na wa mawimbi ya redio. Yote ni mawimbi ya sumaku-umeme, na tofauti yao ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Vyombo vya kupigia picha za mwili hutumia hasa mitetemo iliyo kati ya nusu bilioni na bilioni 10 kwa sekunde. Mitetemo bilioni moja kwa sekunde wahandisi huiita gigahezi moja. Mwanafunzi na agawanye mwendo wa mwanga, mita milioni 300 kwa sekunde, kwa gigahezi 3. Ataona kuwa urefu wa wimbi hewani ni sentimita 10.

Mawimbi haya hayana uwezo wa kung'oa elektroni kutoka katika atomu. Chembe moja ya nishati yake, kwa gigahezi 3, ni ndogo karibu mara milioni moja kuliko nishati inayotakiwa kwa kazi hiyo. Hapo ndipo yanapoachana na eksirei. Yakiwa na nguvu nyingi huweza kuunguza, kama jiko la maikrowevu linavyothibitisha. Lakini vyombo vya kupigia picha hutumia miliwati chache tu au hata chini ya hapo, yaani nguvu ndogo kuliko ile ambayo simu ya mkononi yaweza kutoa.

Kinachoyawezesha mawimbi haya kutuchorea picha ni maji. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, na wimbi linapopita molekuli hizo hujaribu kugeuka pamoja nalo. Matokeo yake ni mawili: wimbi hupunguziwa mwendo, na sehemu ya nishati yake hugeuka joto. Kiasi cha kupunguzwa huko huonyeshwa na namba ya daielektriki ya kitu. Kwa gigahezi 3, namba ya hewa ni 1. Ya mafuta ya mwilini ni karibu 5. Ya ngozi ni karibu 37. Ya msuli imezidi 50. Na ya maji safi ni karibu 77. Uvimbe wa saratani una maji mengi. Ukiwa umezungukwa na mafuta, basi kwa mawimbi haya ni kama jiwe jeusi ndani ya chungu cha maziwa, ambalo jicho la kawaida halilioni lakini mwiko hulikuta.

Ukuta wa ngozi

Hapa ndipo antena ya angani inaposhindwa. Kanuni ya shule inatuambia kwamba wimbi likitoka katika kitu kimoja na kuingia katika kingine, sehemu yake huakisiwa. Tuchukue kipeuo cha pili cha kila namba ya daielektriki: kwa hewa ni 1, kwa ngozi ni karibu 6.1. Tofauti yake ni 5.1 na jumla yake ni 7.1. Gawanya tofauti kwa jumla, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata karibu 0.52. Hesabu hii imerahisishwa, kwa kuwa ngozi ni nyembamba na chini yake kuna mafuta. Hata hivyo maana yake ni wazi. Kiasi cha nusu ya nguvu inayoelekezwa mwilini hurudi pale pale mlangoni, nayo hurudi ikiwa na kelele nyingi kuliko mwangwi mdogo wa uvimbe tunaoutafuta.

Sasa tuondoe hewa, tujaze mahali pake kimiminika chenye namba ya daielektriki 20. Kipeuo cha pili cha 20 ni karibu 4.5. Mwanafunzi akirudia hesabu ile ile ataona kwamba kinachoakisiwa si nusu tena, bali ni karibu asilimia 2 tu. Kwa badiliko hili moja mlango umefunguliwa.

Hayo yalitambuliwa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Lawrence Larsen na John Jacobi, wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Walter Reed nchini Marekani, walizamisha antena zao majini na kuipiga picha figo ya mbwa iliyotolewa mwilini. Maji yaliwapa faida mbili kwa pamoja. Yaliwasaidia kuvuka mpaka wa hewa na mwili. Tena yaliyafupisha mawimbi yenyewe, kwani wimbi lenye urefu wa sentimita 10 hewani huwa na urefu wa zaidi kidogo ya sentimita 1 katika maji. Wimbi fupi huona vitu vidogo, na antena ya wimbi fupi yaweza kuwa ndogo. Tangu siku hizo ilidhihirika kwamba antena na kile kinachoizunguka ni chombo kimoja. Atakayechora antena nzuri mezani, kisha akaibandika mwilini bila kubadilisha chochote, amechora kitu kingine.

Kofi na filimbi

Sharti la pili ni gumu zaidi. Ukisimama kwenye mdomo wa kisima kirefu ukapiga kofi moja, utausikia mwangwi ukirudi, na waweza hata kukisia kina cha kisima. Lakini ukipuliza filimbi kwa muda mrefu, mwangwi utafunikwa na sauti ya filimbi yenyewe. Kofi ni sauti fupi yenye mitetemo ya namna nyingi. Filimbi ina mtetemo wa namna moja. Vivyo hivyo, ili tujue uvimbe uko kina gani, mara nyingi twahitaji antena inayoweza kutoa kofi la mawimbi, yaani ukanda mpana wa mitetemo kwa mara moja.

Antena nyingi hupenda kuimba. Huchagua mtetemo mmoja unaolingana na urefu wake, na baada ya kupigwa huendelea kulia kama kengele. Kwa redio hilo ni jambo jema, kwa sababu redio hutafuta stesheni moja na kuziacha nyingine. Kwa daktari ni balaa: mwangwi wa uvimbe hufika wakati kengele bado inalia.

Mwaka 1998 Susan Hagness, Allen Taflove na Jack Bridges walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, jinsi mipigo mifupi ya maikrowevu ingeweza kutumiwa kutafuta saratani ya matiti. Antena waliyoifikiria ilikuwa na umbo la pembetatu mbili zinazogusana ncha, nayo ilitiwa ukinzani wa umeme kidogo kidogo kuelekea mwishoni. Ukinzani huo hufyonza mkondo usirudi na kulia tena. Gharama yake ni kwamba sehemu ya nguvu hupotea katika antena yenyewe. Watafiti wengine, kama wale wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, wametumia antena za jamii ya Vivaldi, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Hizo huwa na ufa unaopanuka polepole kama mdomo wa tarumbeta, ili mawimbi ya urefu mbalimbali yapate kila moja mahali pake pa kutokea.

Ukitaka picha, antena moja haitoshi. Katika Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, chombo kimoja kilipangiwa antena 60 ndani ya umbo la bakuli. Kila antena hupeleka wimbi kwa zamu, na nyingine zote husikiliza. Hapa hisabati yatuambia kwamba jozi zilizopo ni 60 mara 59, gawanya kwa 2, yaani 1,770. Kila jozi ni shahidi mmoja, na kompyuta ndiyo hakimu anayelinganisha ushahidi. Lakini hakimu hawezi kuwa bora kuliko mashahidi wake. Antena zikisikilizana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyousikiliza mwili, hukumu itakuwa ya uongo hata kama kompyuta ni ya bei kubwa namna gani.

Ubaya uliogeuka kuwa uzuri

Mfano unaonipendeza kuliko yote unatoka Chuo cha Dartmouth, Marekani, ambako Paul Meaney, Keith Paulsen na wenzao walitangaza mwaka 2000 chombo chao cha kwanza cha kutumiwa kwa wagonjwa. Mama hulala kifudifudi juu ya kitanda chenye tundu, titi likaning'inia ndani ya kimiminika, likizungukwa na antena 16. Antena zenyewe ni za aina nyepesi kuliko zote: fito za chuma zilizosimama wima, zisizo na madoido.

Mtaalamu wa redio angezicheka, kwa sababu hewani ufito wa namna hiyo una ukanda mwembamba. Lakini watafiti hao baadaye waliziweka katika mchanganyiko wa gliserini na maji, ambao hufyonza mawimbi. Ufyonzaji huo, ambao mwanzoni waonekana kuwa hasara tupu, hunyamazisha kengele ya antena, hupanua ukanda wake, na huua mawimbi yanayozurura kutoka antena moja hadi nyingine na kutoka kuta za chombo. Zaidi ya hayo, ufito ni rahisi kuuwakilisha katika hesabu za kompyuta, hivyo makosa kati ya hesabu na kitu halisi hupungua. Antena iliyokuwa duni angani ikawa bora mwilini. Jambo hilo ndilo ningependa mwalimu awaachie wanafunzi wake: ubora hauwi ndani ya chombo peke yake, huwa kati ya chombo na kazi yake.

Somo la mwaka 2007

Hata hivyo, haifai tuusifu ufundi huu kupita kiasi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba uvimbe wa saratani hutofautiana sana na titi zima, na kwa hiyo ungeonekana kwa urahisi. Ndipo watafiti wa vyuo vikuu vya Wisconsin na Calgary walipopima sampuli nyingi za tishu zilizotolewa wakati wa upasuaji, na kutangaza matokeo yao mwaka 2007. Walikuta kwamba kati ya saratani na mafuta, tofauti ya namba za daielektriki yaweza kufikia mara 10. Lakini kati ya saratani na tishu za tezi, zile zinazotengeneza maziwa, tofauti ilikuwa kiasi cha asilimia 10 tu.

Matokeo hayo yaliwaamsha wengi. Uvimbe uliomo ndani ya mafuta ni jiwe ndani ya maziwa. Uvimbe uliomo ndani ya tezi ni jiwe ndani ya kokoto. Mpaka leo, ingawa vyombo kadhaa vimejaribiwa kwa wagonjwa huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hakuna hata kimoja kilichochukua nafasi ya picha ya eksirei ya matiti, wala ya kipimo cha tishu katika maabara. Kwa upande wa kiharusi, watafiti wa Chalmers nchini Sweden walitangaza mwaka 2014 majaribio ya antena zilizozunguka kichwa kwa lengo la kutofautisha kuvuja kwa damu na kuganda kwa damu. Kazi hiyo nayo yaendelea kupimwa. Msomaji akimsikia mtu akitangaza kwamba amekwisha kupata mashine ya kugundua saratani zote pasipo kosa, na amwulize kwanza: umepima kwa nani?

Swali hilo latuhusu sisi

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Matiti ya wanawake vijana kwa kawaida yana tezi nyingi kuliko ya wanawake wenye umri mkubwa, ambayo mafuta huyajaza polepole. Na katika Afrika ya Mashariki wagonjwa wengi wa saratani ya matiti ni wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Tena wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Kwa hiyo ile hali ngumu, ya jiwe ndani ya kokoto, kwetu si jambo la pembeni bali ni jambo la kila siku. Chombo kilichothibitishwa kwa akina mama wa miaka 60 wa nchi ya baridi hakijathibitishwa kwa mama wa miaka 38 wa Tabora au Kisumu.

Pia yako mambo ya mahali. Namba ya daielektriki ya maji na ya michanganyiko yake hubadilika joto linapobadilika. Kimiminika kilichopimwa katika chumba cha nyuzijoto 20 si kile kile katika chumba cha nyuzijoto 32, na antena iliyolinganishwa nacho huanza kukosea. Kadhalika beseni la kimiminika lataka kusafishwa baada ya kila mgonjwa, na hilo lahitaji maji na mikono. Pengine antena kavu, inayokaa juu ya ngozi kwa kupitia safu nyembamba ya mpira au kauri, ingetufaa zaidi, pengine sivyo. Haya hayawezi kujibiwa kwa barua kutoka mbali.

Wako watakaosema: nchi yenye upungufu wa mashine za kawaida za eksirei ina haja gani ya kuhangaika na antena? Hoja hiyo ni nzito, na kwa sehemu naikubali. Wagonjwa wa leo watibiwe kwa njia zilizokwisha kuthibitishwa, na fedha za hospitali zisitumiwe kununua ahadi. Lakini kungoja mpaka chombo kikamilike kwingine, kisha tukinunue, si kubana matumizi. Ni kukubali kwamba maswali yetu hayataulizwa na mtu yeyote. Kupima ni rahisi kuliko kununua, na mwenye vipimo vyake ndiye anayeweza kumkatalia muuzaji.

Tena kuanza hakuhitaji utajiri. Antena nyingi za kazi hii huchorwa juu ya bodi yenye utando wa shaba, kama bodi za redio zinavyotengenezwa. Vyombo vidogo vya kupimia antena siku hizi huuzwa kwa bei isiyozidi ya simu nzuri ya mkononi. Titi la bandia la majaribio hutengenezwa kwa jelatini, mafuta na maji, vitu vinavyopatikana madukani. Haifai tusahau kwamba Jagadis Chandra Bose, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kutumia pembe za chuma kuelekezea mawimbi mafupi namna hii, alifanya kazi hiyo mjini Calcutta katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa kikoloni, akisaidiwa na fundi wa bati. Mwaka 1897 alikuwa London akiwaonyesha wakubwa wa sayansi vyombo alivyovitengeneza kwao.

Kwa walimu natoa jaribio moja. Chukua redio ndogo ya betri. Usitumie kamwe ile iliyounganishwa na umeme wa ukutani. Ifungulie stesheni ya FM yenye nguvu, itie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji pamoja na jiwe ili isielee, kisha izamishe katika ndoo kubwa ya plastiki yenye maji baridi ya kunywa, mpaka pande zote ziwe na maji ya kina cha kiasi cha sentimita 10. Sikilizeni. Kisha rudieni katika maji ya chumvi, kwa kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, kama maji ya bahari. Linganisheni sauti za mara mbili hizo, na wanafunzi waeleze wenyewe tofauti imetoka wapi, ilhali redio ni ile ile, stesheni ni ile ile, na antena ni ile ile. Halafu waambieni kwamba mwili wa binadamu nao ni maji yenye chumvi, na kwamba yuko mtu anayejaribu kusikiliza ndani yake.

Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo ya ndoo atakuwa ameelewa jambo ambalo hakuna mchoro wa antena unaoweza kumfundisha. Na siku atakapokuwa daktari au mhandisi, akaletewa chombo kipya chenye maandishi ya dhahabu, hataishia kuuliza bei yake. Atauliza kimepimwa wapi, kwa nani, na katika maji gani.